Nyumba ya Binti, Nyumba ya Bwana

Mungwana wa Lamu aliyejaliwa binti alijua kwamba pamoja na mtoto amejaliwa deni la mawe. Mtoto angekua, siku ya kuolewa ingefika, na siku hiyo binti asingetoka kwenda kwa watu. Mume ndiye angekuja. Ilibidi pawepo mahali pa kumpokea, tena mahali hapo pawe pa binti mwenyewe, si pa kaka zake wala pa mumewe. Kwa hiyo, wakati kijana wa leo anajiuliza kama aanze na kiwanja, ndoa au mtoto, baba wa Lamu wa karne ya 18 alikuwa amekwisha kupangiwa na desturi: kwanza nyumba, kisha arusi, kisha wajukuu watakaozaliwa ndani yake. Mwenye kuumiza kichwa juu ya nyumba alikuwa yeye. Kijana mwoaji hakuulizwa ana nyumba wapi.

Mawe yenyewe yalikuwa matumbawe. Yale ya baharini mafundi waliyakata maji yakitoka, yakiwa bado laini, wakayaacha juani yakauke na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya lundo la magogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko zilizokatwa kwenye visiwa na vijito vya karibu, na urefu wa boriti ndio ulioamua sura ya nyumba nzima. Kwa kuwa mkoko haubebi uzito kwa upana mkubwa, vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu, upana wake mita 2 na nusu au zaidi kidogo, navyo vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kama kurasa za kitabu.

Kurasa hizo zilikuwa na utaratibu wake. Nje palikuwa na daka, penye viti vya mawe ambapo mgeni wa kawaida aliishia. Ukivuka mlango unapinda kidogo, ili mpita njia asione kitu, ndipo unaingia kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Kisha msana wa kwanza na msana wa pili, halafu chumba kinachoitwa ndani, chenye ukuta uliojaa zidaka, yale matundu ya lipu yaliyochongwa kwa mistari na maua, mahali pa kuwekea vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Bibi arusi alikaa humo. Nyuma yake kabisa, mbali na mtaa, palikuwa na nyumba kati. Chumba hicho kilikuwa na kazi chache, zote kubwa. Mwanamke alijifungulia humo, na maiti wa nyumba hiyo aliandaliwa humo kabla ya kutolewa kwenda makaburini. Mtu angeweza kuzaliwa na kuoshwa mara ya mwisho katika chumba kimoja.

Nyumba haikujengwa yote kwa pamoja. Baba alianza na ghorofa moja, na mabinti walipokua, akaongeza ghorofa juu au akajenga nyumba nyingine ubavuni. Ndiyo maana Lamu ukiinua macho unaona wikio, vyumba vilivyopita juu ya kichochoro kutoka nyumba moja hadi ya pili. Mama na binti, au dada na dada, waliweza kutembeleana kwa njia hiyo bila kushuka mtaani. Mtaa mzima ulikuwa ukoo uliogeuka kuwa majengo. Leo mji huo ni urithi wa dunia, umeorodheshwa na UNESCO tangu 2001, na wageni hupiga picha milango na zidaka. Mimi navutiwa zaidi na wikio, kwa sababu katika kila moja naiona akili ya mzazi aliyepima umbali kati ya kitanda cha binti yake na cha mama yake.

Desturi hii ilikuwa na hesabu zake. Sheria ya mirathi ya Kiislamu humpa binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Baba aliyempa binti nyumba kwa mkono wake mwenyewe angali hai, au aliyeiweka wakfu kwa ajili ya kizazi chake, alihakikisha kwamba nyumba haitakatwakatwa siku ya kugawa mirathi. Wana wa kiume wangepata mashamba ya bara na majahazi, vitu vinavyoweza kuzama au kuungua. Mabinti walipata jiwe. Tena mume katika mji wa biashara si mtu wa kukaa. Kaskazi huleta vyombo na kusi hurudisha, na mwenye bidhaa hufuata bidhaa zake. Mke aliyeachwa miezi mingi katika nyumba ya ukoo wa mume angekuwa mgeni. Aliyeachwa katika nyumba yake, mama yake akiwa ng'ambo ya wikio, alikuwa nyumbani. Na talaka ikitoka, aliyefunga mizigo alikuwa mume.

Nadhani hili la mwisho ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Talaka katika miji ya pwani haikuwa jambo la nadra, na mwenye kauli ya kuitoa alikuwa mwanamume. Nyumba ilikuwa jibu la wazazi kwa kauli hiyo. Hawakuweza kumzuia mkwe asiondoke, lakini waliweza kuhakikisha kwamba akiondoka hamwachi binti yao kivulini mwa mti, wala watoto hawahamishwi na ugomvi wa wakubwa.

Hata maneno ya arusi yalifuata mwelekeo huo. Siku kuu ilikuwa siku ya bwana arusi kuingia nyumbani. Yeye ndiye aliyepita mtaani na watu wake, akafika mlangoni, akaruhusiwa. Alitoa mahari aliyokubaliana na wakwe na kipamkono cha kumwona bibi arusi, kisha akakaa fungate humo humo, akilishwa na jiko la mama mkwe. Mimba ya kwanza ilipokuja hapakuwa na safari. Kwingineko binti hurudi kwa mama yake kujifungua. Huyu alikuwa hajatoka. Siku 40 za uzazi zilipita akikandwa na kulishwa na wanawake waliomjua tangu utoto.

Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Sheikh Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima mnamo 1858, akiwa mgonjwa na miaka michache tu kabla ya kufa. Vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kuusoma kama somo la mke kumtii mume, na wasomaji wa siku hizi wamebishana nao sana kwa sababu hiyo. Mimi huusoma nikikumbuka zile nyumba za tabaka lake. Upole anaofundishwa mke aliyekaa juu ya mawe yake hauna maana moja na upole wa mke asiye na pa kwenda.

Lakini ni lazima kuuliza nani aliyabeba mawe hayo. Matumbawe yalikatwa, chokaa ikachomwa na boriti zikaburutwa kwa nguvu za watumwa, na waliopika na kufua ndani ya kuta hizo walikuwa watumwa pia. Kwa mtumwa mwanamke, nyumba, ndoa na mtoto vilikuwa vitu vya mwingine. Hakuolewa bila idhini ya bwana, na mahari yake ilikuwa haki ya bwana. Suria aliyemzalia bwana wake mtoto aliona mtoto huyo akihesabiwa huru na akichukua ukoo wa baba, huku yeye mwenyewe akiwa bado mali hadi bwana afe. Hadithi nzuri ya nyumba ya binti ilikuwa hadithi ya mabinti wachache. Waliobaki walilala katika vibanda vya udongo na makuti pembeni mwa mji, kwenye ardhi isiyo yao.

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922. Waliotoka utumwani walielekea mijini, na kitu cha kwanza walichotafuta wengi wao kilikuwa paa. Kwa mtu ambaye jana alihesabiwa pamoja na vyombo vya ndani, kuwa na nyumba kulikuwa tangazo. Kulimwezesha kuoa au kuolewa kwa ridhaa yake na kuwaita watoto wake wake. Ng'ambo ya Unguja, upande wa pili wa kijito uliotazamana na Mji Mkongwe, ilikua kwa nyumba za watu hao. Wanawake wengi walijenga huko kwa fedha zao. Shida ilikuwa chini ya miguu: nyumba ilikuwa yako, kiwanja si chako. Wenye ardhi walipoanza kudai kodi ya kiwanja na kuipandisha, watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa mwaka 1928, wanawake wakiwa katikati ya mgomo huo. Walielewa vizuri kwamba anayeweza kukuondoa kiwanjani anaweza kuiondoa na ndoa yako, maana ndoa bila mahali pa kulala hugeuka haraka kuwa watu wawili waliotawanyika kwa jamaa.

Nairobi, mji uliozaliwa na reli, ilikuwa na wanawake wa namna hiyo pia. Katika Pangani, na baadaye Pumwani iliyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba. Wengi walikuwa wameachana na waume au hawakuolewa kabisa, wakasilimu, wakawa Waswahili wa mji, wakapangisha vyumba kwa wafanyakazi. Mwanahistoria Luise White aliwasikiliza wazee wao katika miaka ya 1970 na kuandika habari zao kwa heshima. Kwao ndoa haikuwa mlango wa nyumba. Nyumba ilikuja kwanza kwa jasho lao, na wengine waliamua kwamba mume asiingie humo kabisa. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa amri ya serikali ya kikoloni. Mji wa namna hiyo, wenye wanawake weusi wenye mali, haukuwa mji ambao wakoloni walikuwa wameuwazia.

Waliouwazia wao ulikuwa mji wa wanaume wasio na familia. Mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, kwa kisingizio kwamba mke na watoto wako kijijini wanajilisha kwa jembe. Nyumba za waajiri zikafuata hesabu hiyohiyo: chumba cha vitanda kadhaa, choo cha pamoja, na askari wa kuuliza yule mwanamke ni nani. Mwaka 1954 kamati ya mishahara nchini Kenya iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mshahara huo haumwezeshi mtu kukaa na mkewe mjini, ikapendekeza kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua hadi kimtoshe mtu mwenye familia. Kwa zaidi ya miaka 50, basi, kuwa na ajira mjini na kuwa baba anayeonana na watoto wake yalikuwa mambo mawili yaliyopingana kwa makusudi ya watu waliokaa ofisini na kuyapanga.

Dar es Salaam ilijitafutia njia yake, na njia hiyo ina umbo ninalolipenda. Kariakoo, iliyochukua jina kutoka kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza, ilipimwa viwanja vilivyonyooka kama daftari. Juu ya viwanja hivyo watu wakajenga nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kisha uani penye jiko, choo na stoo. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la makuti, baadaye madebe yaliyopasuliwa na kulainishwa, mwishowe bati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha.

Fikiri jinsi nyumba hiyo ilivyobadilisha maana ya kuanza maisha. Kijana aliyetoka Uzaramo, Kilwa au Tabora hakuhitaji nyumba. Alihitaji chumba, kitanda, na mwenye nyumba atakayekubali kumpokea mke. Akishaoa, mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa bibi wa makamo, aligeuka kuwa mama mkwe wa mtaa. Mke alipopata uchungu usiku, bibi huyo na wapangaji wenzake ndio waliomshika. Watoto wa vyumba sita walikua kwenye korido moja na kuadhibiwa na mtu mzima yeyote aliyewaona wakikosea. Nyumba kati ya Lamu ilikuwa imefunguliwa kwa wasio ndugu. Ilikosa zidaka na ilikosa faragha, na atakayesema ilikuwa pepo hakuwahi kusubiri foleni ya choo alfajiri. Hata hivyo iliwawezesha maelfu ya watu wasio na baba wa kuwajengea kuoana na kuzaa mjini.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya iliichukua nyumba kama jukumu lake. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962. Mwaka uliofuata umiliki binafsi wa moja kwa moja wa ardhi ulifutwa, ardhi ikawa ya umma na mtu akapewa haki ya kuitumia kwa muda. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha 1966, na polepole tofali la saruji likachukua heshima iliyokuwa ya jiwe. Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi kumiliki nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Familia nyingi, hasa za Kiasia, zilipoteza usiku mmoja walichokuwa wamekiweka kwa ajili ya watoto. Lengo lilikuwa usawa, na sina shaka na nia ya waliolitafuta, lakini machozi ya waliofukuzwa katika nyumba walimozaliwa ni sehemu ya historia hii.

Mwaka uleule wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, baada ya miaka miwili ya mjadala wa wazi ulioanzia kwenye waraka wa serikali wa 1969. Ilikuwa kazi ya ujasiri kuziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja. Ndani yake nyumba ilitajwa kwa namna ambayo haikuwahi kutajwa. Kifungu cha 59 kilisema mwenzi mmoja hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 60 kilisema mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ya wote sawa kwa sawa. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa, ndoa ikivunjika, mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Na kifungu cha 160 kilisema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kwa watu kuwa mke na mume hudhaniwa kuwa wameoana.

Lugha ilikuwa imewatangulia wanasheria. Tunasema wawili hao wanaishi kinyumba. Tunayaita mapenzi ya mume na mke unyumba, na mwanamke wa pembeni nyumba ndogo. Kiswahili hakijawahi kuona ndoa na jengo kama vitu viwili, na ni jambo la kusikitisha kwamba karatasi za jengo zimeona hivyo kwa muda mrefu sana.

Kwa maana wakati huo huo mwelekeo wa arusi ulikuwa umegeuka. Mjini, katika karne ya mishahara, mwenye mshahara alikuwa mwanamume, na mwenye mshahara ndiye aliyepewa kiwanja, na aliyepewa kiwanja ndiye aliyeandikwa. Bibi arusi sasa ndiye aliyeingia nyumbani. Alileta vyombo, kitanda na makabati, vitu vinavyochakaa. Alipika kwa mafundi, akalinda saruji isiibwe, akakaa na watoto mume akiwa kazini. Ndoa ilipovunjika baada ya miaka 15, hati ilikuwa na jina moja na mahakama iliuliza: wewe ulichangia nini?

Majaji wenyewe waligawanyika. Baadhi walisema juhudi za pamoja ni fedha tu, au kazi iliyozaa fedha. Wengine walisema kazi ya nyumbani nayo ni juhudi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi katika kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huijua kwa jina la Bi Hawa Mohamed. Ilisema kazi za mke za kutunza nyumba na familia ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, na sheria inautambua. Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa, na kila mara husimama kwenye sehemu yake ya mwisho, kwa sababu yule mama hakupata sehemu ya nyumba. Fedha alizokwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa kifamilia zilihesabiwa dhidi yake. Kanuni iliyotokana na kesi yake imewafaa maelfu ya wanawake wengine tangu hapo. Yeye mwenyewe alitoka mahakamani mikono mitupu.

Kenya ilikwenda mwendo mrefu zaidi. Hadi 2013 mahakama zake zilitegemea sheria ya Uingereza ya 1882 kuamua mali ya wanandoa. Sheria mpya ilipokuja ilitaja kwa maneno ulezi wa watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja atapata kadiri ya mchango atakaouonyesha. Wanandoa wa pande zote mbili za mpaka, basi, wameachwa na kazi ya kukumbuka, na katika ndoa yenye furaha nani huweka stakabadhi?

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 ilisogea hatua nyingine: ardhi iliyopatikana kwa ajili ya wanandoa wote hudhaniwa kuwa yao wote, na mwenzi aliyetia nguvu zake kuiendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake hupata haki ndani yake. Lakini sheria hiyo inaishi kwenye ardhi yenye hati, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa bila hati.

Kwa nini bila hati, na kwa nini kidogo kidogo? Sababu mojawapo ni benki. Benki ya Nyumba Tanzania iliyoanzishwa 1973 ilikopesha wajenzi kwa miongo miwili, mikopo mingi haikurudi, na mwaka 1995 ikafungwa. Kizazi kizima kilichooa baada ya hapo kilioa bila mahali pa kukopa nyumba. Sheria ya kuwezesha mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, na taasisi ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu ikaanzishwa 2010. Hata hivyo riba imekuwa ikizunguka kati ya asilimia 15 na 19, na mikopo yote ya nyumba nchini ikijumlishwa haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Kijana wa Ulaya anapohesabu mshahara wake na wa mchumba wake ili waone kama benki itawakubalia, kijana wa Tanzania anahesabu matofali.

Ukitoka Mbezi kuelekea Goba, au ukaenda Chanika na Kivule, utayaona mahesabu hayo yamesimama. Msingi uliojengwa mwaka wa posa. Kuta zilizofika renta mwaka mtoto wa kwanza alipozaliwa, kisha zikasimama, maana mtoto ana gharama zake. Pagale lenye majani ya mibono ndani ya sebule. Ubavuni lingine limepauliwa na watu wamehamia hivyohivyo, madirisha yamezibwa kwa mabati na magunia, sakafu bado vumbi, kwa sababu mwenye nyumba waliyokuwa wamepanga alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wataalamu wa miji huita makazi haya holela. Mimi nayaona karibu sana na Lamu. Huko pia nyumba ilikua kwa hatua, ghorofa baada ya ghorofa. Tofauti ni kwamba huko hatua zilifuata mabinti na mjenzi alikuwa baba wa bibi arusi, mtu mzima mwenye mali iliyokwisha kukomaa. Hapa mjenzi ni kijana wa miaka 28, na ada, saruji na arusi vyote vinadai mfuko mmoja.

Na mabinti nao wameanza kununua. Fedha za vikoba na michezo ya upatu, zinazozunguka kila wiki mikononi mwa wanawake watano au ishirini, zimegeuka viwanja vingi kuliko takwimu zinavyoonyesha. Wapo wanaonunua kabla ya kuolewa na kumwambia mchumba baadaye, au wasimwambie. Wazee huwalaumu kwa kukosa imani. Bibi wa Lamu asingewalaumu; angeuliza tu kwa nini baba zao wamewaachia kazi hiyo peke yao.

Mtoto anapozaliwa, bibi yake hupanda basi kutoka Tanga au Singida na begi la vitenge na mtama wa uji, kuja kumlea mzazi. Analala sebuleni kwenye nyumba isiyo na dari. Kwa siku 40 anachemsha maji, anakanda, anapokea wageni, na mchana anatazama kuta za tofali zisizopigwa lipu akikadiria mifuko mingapi ya saruji imebaki. Wakwe wakija huketi nao mlangoni, juu ya ndoo zilizogeuzwa, pale ambapo siku moja patajengwa baraza.

Kiwanja chenyewe kilinunuliwa miaka minne kabla, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wakiwa wawili upande wa muuzaji na wawili upande wa mnunuzi. Kwenye hati ya mauziano mwenyekiti aliandika mipaka: mashariki mwembe, magharibi njia ya futi sita. Kisha akafika palipotakiwa jina la mnunuzi na kuinua macho. Mstari ulikuwa mmoja, mfupi, wa jina moja. Yule mwanamume akamtazama aliyekuwa mchumba wake, akavuta karatasi, akaandika la kwake, na chini yake, pembeni mwa mstari, akaliandika la pili.